Paja la Afande

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mwaka tuliorudi kijijini kwetu Lurujo kutoka ukimbizini Zaire, niliamini kwamba simba anaelewa Kiswahili. Hata leo sijaacha kabisa kuamini.

Tulikuta nyasi zimeota mpaka mlangoni na wanyama wamehamia mashambani. Mihogo yetu ilikuwa bado midogo. Basi asubuhi moja tumbusi walipozunguka juu ya bonde, Bibi alichukua kisu, akaniita mimi na binti yake, shangazi Kiden, mke wa askari.

Tulisubiri mbali. Tumbusi walipokaa mtini, Bibi alisema mwenye nyama bado yuko. Waliposhuka chini, tukaenda mbio. Kongoni alikuwa ameliwa tumbo tu. Bibi akazitazama nyayo za simba.

"Huyu ni mama," akasema. "Iko na watoto, amewaficha. Sisi nakata, lakini paja moja nabaki yake. Ukibeba yote, atakuja kuuliza nyumbani."

"Na watoto yangu, Mama? Hawa pia iko na njaa."

"Sisi tulikimbia, yeye alibaki hapa. Nani mugeni?"

Shangazi akaanza kukata. Tulipoondoka alichelewa nyuma, eti anafunga mzigo. Aliponifikia niliona ukwato umechungulia kwenye kitenge chake. Sikumwambia Bibi, maana nami nilikuwa na njaa.

Jua lilikuwa halijazama, sufuria ikitokota, mbuzi wetu wa pekee alipoanza kuvuta kamba. Simba jike alikuwa ameingia kwenye mihogo, pua chini, akifuata njia tuliyopita. Bibi alituswaga wote ndani, na mbuzi pia. Nilimkumbatia mbuzi huyo, naye akinitafunia kola ya gauni.

"Toa," Bibi akasema. Hakumtazama mtu.

Shangazi akavuta paja kutoka chini ya kitanda. Akafungua mlango kidogo, akasema kwa sauti ile aliyoitumia kwa wakubwa wa mumewe kambini:

"Samahani, afande. Muguu yako iko hapa. Ni makosa yangu."

Akalirusha. Simba alilinusa, akaling'ata, akaliburuta katikati ya miguu yake ya mbele hadi nyasini. Bibi alicheka mpaka akakaa chini, nasi tukacheka naye, shangazi akiwa wa mwisho.

Siku hizi najua simba yule alifuata matone ya damu, na kwamba angewalisha wanawe kwa mbuzi wetu vilevile. Lakini Bibi alijua hayo yote, akaongeza adabu juu yake.

Simba wametoweka zamani Lurujo. Nikinunua nyama huweka kipande kando, na wanangu huuliza ni cha nani. "Cha afande," nawajibu, wanacheka, kisha nawatuma kwa jirani yangu, mjane mkimbizi aliyevuka mpaka juzijuzi pale Oraba na watoto watano. Yeye hajawahi kuja kuuliza. Ndiyo maana napeleka.