Majivu Yaliyotolewa Baba Akiwa Porini

Nilipokuwa mtoto, huku kwetu Rungwa, baba akiingia porini kurina asali majivu hayakutoka nje ya nyumba. Yalikaa jikoni, yakajaa kwenye mafiga, yakamwagika mpaka karibu na mkeka wa bibi, mama yake baba, aliyenilea baada ya mama kufariki. Bibi aliyasogeza kwa mkono tu, kidogo kidogo, na kila asubuhi akiyagusa alilitaja jina la mwanawe. Ukiyatoa majivu, tuliambiwa, umefagia nyayo za aliye porini, atarudi kwa njia gani?

Nilikuwa darasa la tatu. Uhuru ulikuwa bado mpya, na mwalimu wetu alituambia kwamba maadui wa nchi ni watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na kwamba wamejificha kwenye takataka za nyumbani kwetu. Ijumaa angepita nyumba kwa nyumba kukagua. Basi nikaogopa, vile mtoto anavyoogopa kuitwa mchafu mbele ya wenzake, na bibi alipokwenda kisimani nikachukua karai kubwa, nikazoa majivu yote, safari nne, nikayamwaga nyuma ya zizi la mbuzi. Mwalimu akachungulia jikoni, akasema, "Hapa wanakaa raia." Sikumbuki kusifiwa hivyo tena, hata nilipofaulu kwenda sekondari.

Bibi aliporudi aliangalia mafiga, akaniangalia mimi, akatua mtungi.

Siku ya nne baba aliletwa kwenye machela ya fito. Alikuwa ameanguka kutoka mtini, nyonga imevunjika. Watu wakajaa uani, na baba hata maji hajapewa, Mama Kulwa, jirani yetu, akaingia jikoni, akatoka.

"Jiko limefagiliwa kama nyumba ya watu waliohama. Nani katoa majivu?"

Nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Mdomo nilikuwa nao.

"Nimetoa mimi," bibi akasema.

"Wewe, mtu mzima?"

"Yalinichosha."

"Yalikuchosha majivu, au alikuchosha mwanao?"

Kuanzia siku ile hakuna aliyekuja kwetu kuomba kaa la moto. Wanawake walimpa bibi shikamoo kwa mbali, huku wamewashika watoto wao mkono. Mwanamke mzee anayesemwa amemwangusha mwanawe mwenyewe, mnajua anavyoitwa. Alifariki nikiwa kidato cha pili, waliokuja kuzika walikuwa wachache, na mimi nilikuwa bado sijasema.

Shuleni alikuwapo mwalimu wa Kiswahili, mama wa makamo, aliyependa kutuingizia falsafa katikati ya kipindi. Alisema falsafa haikai mbali, ni kulisimamisha jambo unalolifanya kila siku na kuliuliza, wewe una maana gani kwangu? Nikanyoosha mkono nikauliza kama majivu yanaweza kumwangusha mtu kutoka mtini. Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Majivu hayajui kitu. Waulize wanaoyatunza, yanawafanyia kazi gani." Niliandika kwenye daftari, nikalifunga, kwa sababu nilidhani jibu najua, na jibu lilikuwa mimi.

Sasa nina mtoto wa miezi mitano, na mume wangu yuko porini na warina asali wa kijiji chetu cha ujamaa. Nimesoma, najua ufagio hauvunji nyonga ya mtu, najua kabisa, na bado siku tatu sikuzoa majivu, vumbi linaruka, mtoto anakohoa, nikishika ufagio nauegemeza tena ukutani. Hofu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa baba juzi, mtoto mgongoni. Nilimkuta ameketi, mguu mbaya ameunyoosha, anasokota kamba ya gome.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mjukuu wangu kifua bado?"

"Bado. Baba, yale majivu niliyatoa mimi. Si bibi."

Aliendelea kusokota. "Najua. Lile karai mama yangu hakuweza kulinyanyua."

"Ulijua, ukanyamaza?"

Kamba ikasimama. "Tawi lilikuwa bovu, mwanangu. Niliona limeoza. Nikalikanyaga, maana mzinga ulikuwa umejaa. Nimelazwa pale uani nasikia mnatafuta aliyetoa majivu, nikasema moyoni, heri iwe majivu."

Hatukutazamana. Miaka yote nilidhani siri ile ni yangu peke yangu, kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja ameyatwika majivu jambo alilolionea haya, na majivu hayana kichwa cha kubebea, mzigo ukamwangukia bibi. Yeye peke yake, nadhani, aliyatumia vizuri. Kila asubuhi yalimkumbusha kumtaja mtu asiyekuwapo. Labda ndiyo maana yake yote, na si ndogo.

Nilirudi nyumbani nikazoa majivu, kwa ajili ya kifua cha mtoto. Niliogopa kila hatua, siwadanganyi, na hata ninapoandika haya mume wangu hajarudi. Lakini ikitokea akaletwa kwenye fito, na watu wakajaa uani, na mmoja akaingia jikoni akatoka na swali, nitajibu mimi, mapema, kabla mwanamke mwingine yeyote hajafungua mdomo kunijibia.