Salamu za Njia ya Kahawa

Watu wa Kasese wakisikia baba yako ni Mkenya, wanakutazama miguu. Baba yangu alikuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, na kila jirani aliamini kwamba sisi watoto wake tumezaliwa na mbio damuni. Baba ni Mtaita. Kwao watu wanapanda milima taratibu, mzigo kichwani na maneno mengi mdomoni. Mimi nilirithi maneno.

Sasa, katika miaka hiyo ya elfu mbili na kumi na kitu, nilikuwa naitaka kazi moja tu duniani: uaskari wa gemu, yaani kulinda wanyama kule mbugani, kuelekea Katwe. Vyeti vya shule nilikuwa navyo. Kilichoniangusha mara ya kwanza ni mbio. Nilimaliza nyuma ya wasichana wote, natapika chai ya asubuhi mbele ya afande msimamizi, naye akanitazama akasema, "Mukenya gani wewe!" Nilikasirika mpaka nikalia. Usaili uliofuata ungekuwa wa mwisho kwangu, kwa sababu baada ya hapo umri usingeniruhusu tena. Nikikosa, basi ni kurudi kuuza soda katika duka la mama kule Nyamwamba, kazi ambayo sikuipenda hata kidogo.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameolewa Bwera na mkulima wa kahawa. Akanipigia simu. "Njoo huku. Huko Kasese ni tambarare na jua kali, pumzi utaipata wapi? Huku kuna vilima." Nikafunga begi siku hiyo hiyo.

Vilima vya Bwera si vya kumtisha mtu. Vinapanda kidogo, vinashuka kidogo, kisha vinapanda tena kabla hujamaliza kushukuru. Rwenzori yenyewe inakaa kule nyuma na mawingu yake, haina habari na mtu. Nilijaribu kwanza barabara ya malori yanayoteremka kwenda forodhani Mpondwe, nikaiacha kwa sababu ya vumbi na wapagazi waliokuwa wakinishangilia kama bibi harusi. Njia niliyoipenda ilipita nyuma ya soko, ikaingia kwenye migomba, ikapanda katikati ya mashamba ya kahawa, ikazunguka kanisa na kurudi kwa shangazi. Asubuhi udongo una umande, kahawa imeanikwa kwenye maturubai, moshi wa jikoni unanukia kila mahali, na mwili unakubali kila unachouambia. Nilikuwa na furaha kwenye njia ile.

Shida ilikuwa watu.

Siku ya kwanza tu, mama mzee mmoja aliyekuwa akigeuza kahawa yake uani kwa mikono alinyanyuka akanizuia njiani. Upande ule, karibu na mpaka, mtu mzima hakimbii bure. Akikimbia, kuna kitu nyuma yake.

"Weye mutoto, unakimbia nini? Kuko nini kule?"

"Hakuna kitu, mama. Ni mazoezi tu."

"Beko wapi benye banakufukuza?"

"Hakuna anayenifukuza. Mimi ni mkimbiaji."

Akashika kifua. "Mukimbizi! Pole, mutoto wangu. Kuya, ikala hapa."

Nilimweleza tofauti ya mkimbizi na mkimbiaji, tena kwa Kiswahili kizuri cha nyumbani kwetu, naye akawa anatikisa kichwa kwa huruma huku akinimenyea ndizi. Nilikula. Ningefanyaje? Majirani wawili wakaja kumtazama mkimbizi anavyokula.

Shangazi aliposikia alicheka hadi akakaa chini. Kesho yake alinipeleka kwa yule mama, akamweleza kwa Lhukonzo, lugha ya huko, kwamba mimi ni mtoto wa kaka yake na sikimbii vita vya ng'ambo ya mpaka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Mwanzoni nilikuwa mgeni anayepita. Sasa nilikuwa mtoto wa nyumbani, na mtoto wa nyumbani hapiti mbele ya wakubwa bila kusimama kusalimia. Wabukire, wabukire, umeamkaje, shangazi ameamkaje, baba wa Kasese hajambo, na kahawa yenu imeanza kuiva? Nyumba inayofuata, hivyo hivyo. Nikipunga mkono tu na kupita, jioni shangazi ameshaletewa habari kwamba mtoto wake ana majivuno. Njia nzima nikawa kama gari bovu, nawaka na kuzima, nawaka na kuzima.

Usaili ukakaribia na pumzi zangu zilikuwa pale pale. Asubuhi moja hasira zikanishinda. Nilisimama uani kwa mama mzee, nikatoa kila salamu inayotakiwa, halafu nikaangua kilio. Nikamwambia yote: afande, umri, duka la soda.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Banapatia mutu kazi juu ya mbio?"

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tunakusimamisha."

Nikafuta machozi kwa mkono. Naye akarudi kwenye kahawa yake. Nilikwenda nyumbani nikiona aibu kwamba nimelalamika kwa kusalimiwa.

Asubuhi iliyofuata, mzee wa nyumba ya kwanza alikuwa anafunga mbuzi. Aliponiona akanipa mgongo. Nikamsalimu, akanyamaza. Nyumba ya pili, wanawake walikimbilia jikoni. Ya tatu, watoto wamejiziba midomo. Nikajua nimekikosea kilima kizima. Nilipofika kwa mama mzee nilimkuta ameketi kando ya turubai, kitenge amejifunika uso wote. Nikapunguza mwendo niombe radhi. Sauti ikatoka ndani ya kitenge:

"Pita! Usisimame! Leo hatuna macho!"

Nikaelewa, nikapita. Mama yule alikuwa amezunguka nyumba zote jioni iliyotangulia na kuwaambia kwamba mtoto yule asionwe na mtu mpaka amalize mambo yake, kwa sababu wasiponiona, basi hakuna ninayepaswa kumsalimu. Tangu hapo nilikimbia kila asubuhi kati ya migongo ya watu na vicheko vilivyobanwa. Sijawahi kupendwa vile maishani mwangu.

Siku ya usaili, uwanja wa Kasese ulikuwa unawaka. Afande alikuwa yule yule. Tulipoachiwa nilishangaa jinsi tambarare ilivyokuwa nyepesi, ukishazoea kupanda. Nilimaliza na wasichana wa mbele, nikiwa wima, chai yangu ikiwa tumboni. Afande aliandika kwenye karatasi yake, akanikagua.

"Mukenya, nani alikufundisha?"

"Mama mzee mmoja wa Bwera, afande."

"Alikuwa mukimbiaji?"

"Hapana, afande. Alikataza watu wasinisalimie."

Akadhani namfanyia mzaha mbele ya wenzangu. "Lala chini! Pushapu!"

Nikalala. Vumbi mdomoni, jasho machoni, nikapanda na kushuka huku nacheka na kulia kwa pamoja, maana jina langu alikuwa ameshaliandika upande wa waliopita, tena kwa kalamu ya wino.