Nilitoka, Niambieni Tangu Mwanzo

Naikumbuka jioni moja kule Kasigau, mwanangu, na nimeikumbuka zaidi tangu juzi uliponieleza kazi yako ya kompyuta hapo Voi. Ulisema kuna mashine moja kubwa inayotoa habari, na nyingine zinazoinakili ili zote zifanye kazi kwa neno moja. Nikakuuliza: na ile iliyozimika ikiwaka tena, inauliza yaliyopita au inajifanya inajua? Ukacheka, ukataka kujua nimejifunza wapi mambo hayo. Nilijifunza juu ya dungu, nikiwa na debe bovu mkononi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimeolewa mwaka ule ule, msichana wa Voi niliyezaliwa kwenye nyumba za reli, ndovu nawajua kwa mbali tu. Mashamba ya watu wa mume wangu yaliteremka kwa mstari kutoka kwenye korongo hadi chini, na kila shamba lilikuwa na dungu lake, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa cha kulindia mahindi. La mwisho huko chini lilikuwa letu. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa, kwa hivyo mlinzi nilikuwa mimi.

Juu kabisa, kwenye jiwe kubwa, alikaa baba mkwe wangu, Mzee Maghanga. Yeye ndiye aliyewaona ndovu wakitoka porini. Na ndovu hafukuzwi ovyo ovyo, mwanangu. Ukipiga debe peke yako unamsukuma tu kwa jirani. Lazima wote wapige pamoja, na upande mmoja unyamaze ili wanyama wapate pa kutokea. Mzee alitangaza njia ni ipi, dungu la kwanza likarudia maneno yake, la pili likarudia, mpaka kwangu. Nami niliyarudisha juu vivyo hivyo, dungu kwa dungu, mpaka yamfikie. Kabla hajayasikia yakirudi, hakuna aliyeruhusiwa kugusa debe.

Mimi niliona ni usumbufu mtupu. Kwa nini asipaaze sauti tu, sote tukamsikia? Nilikuwa mtu wa kuulizauliza, hata mama yangu alikuwa amechoka nami. Basi jioni ile likaja tangazo la kwanza: "Njia ni chini!" Maana yake ninyamaze mimi. Nikalirudisha. Kisha, kwa vile ndovu walikuwa bado mbali, nikashuka. Nilitaka kusimama katikati ya mahindi nisikie kama sauti ya mzee inafika bila kupitia kwa mtu.

Mzee akaita tena. Nilichopata ni mvumo tu, hata neno moja sikulishika. Kumbe mgongo wa mlima ulikuwa unameza yote! Nilifurahi kuelewa, lakini furaha ile haikukaa. Nikatambua kwamba neno jipya limepita nami sipo.

Nikapanda dunguni mbio. Kwenye dungu la jirani wifi yangu Mkawasi alikuwa akiniita. "Wewe! Umesikia? Rudisha!"

Nilikuwa bibi arusi, mwanangu, na ukoo mzima unasikiliza. Neno "nimesikia" lilikuwa tayari mdomoni. Aibu ilinishika hadi masikio yakawaka. Lakini hofu ilizidi aibu, nikapiga kelele, "Nilitoka! Niambieni tangu mwanzo!"

"Saa hii?" Mkawasi akafoka. "Ndovu wako kwa shamba ya Baba, wewe ulikuwa unatembea?" Shemeji yangu kutoka dungu la juu yake akapiga kelele kwamba tuanze bila mimi.

Lakini sheria ilikuwa kwamba aliyetoka aambiwe na mzee mwenyewe, jirani asije akampa neno lililokwisha kubadilika. Ujumbe wangu ukapanda hadi kwenye jiwe. Maneno ya mzee yakaanza kushuka taratibu, bila hasira yoyote: njia ilikuwa chini, ndovu wamegeuka, sasa njia ni juu. Juu, yaani kwake. Nikarudisha yote. Ndipo ikaja "Pigeni!" na tukapiga madebe mpaka mikono ikafa ganzi. Ndovu wakatokea upande wa juu, wakaenda zao.

Asubuhi tulipanda kutazama. Njia ile ilipita pembeni tu mwa shamba la mzee. Lakini muda wote alionisubiri, ndovu walisimama ndani wakila, naye akiwaangalia. Chakula chake na mama mkwe cha msimu mzima kilikuwa kimelala chini. Nililia. Shemeji akaanza kunisema, mzee akamnyamazisha kwa mkono.

"Baba," nikamwuliza, "kwa nini hukuanza bila mimi?"

"Ningeanza, wewe ungenyamaza ukifikiri njia ni kwako. Wangekimbilia pale penye kimya, na wewe uko juu ya vijiti." Kisha akawageukia wenzangu. "Na nyinyi, sikieni. Jana huyu alisema kweli kwamba alitoka. Mkimfokea leo, siku nyingine atasema amesikia. Wewe Wakesho, usishuke tena. Lakini ukishuka, useme."

Mavuno yalipofika, bila mtu kumwambia mwenzake, kila shamba lilimpelekea mzee debe la mahindi. Mkawasi alipeleka mawili.

Juzi ulinijibu kwamba mashine yenu ikiwaka huuliza kwanza kuanzia pale ilipoachia. Basi aliyeitengeneza alilelewa vizuri. Nawe uwe hivyo, mwanangu. Ukikosekana mahali, sema ulikosekana, uambiwe upya, hata kama watu wanakutazama. Na ukiwa mkubwa kazini, anayekuambia "nilitoka" usimfokee, kwa maana ukimfokea utabaki na watu wa kukuambia "nimesikia" tu. Mungu akupe ulimi wa kusema kweli ukiwa umeona aibu. Na siku utakapoisema, akupe mtu wa kukusubiri kama mzee yule alivyonisubiri mimi, huku akiyaangalia mahindi yake yakiisha.