Uzee Uko Magotini

Mwalimu Kaimu alifundisha maigizo shuleni Ruangwa, jukwaa lake likiwa makasha ya matrekta yaliyoachwa na mradi wa karanga wa Nachingwea. Ndevu za pamba alizichukia. "Uzee hauko kidevuni, uko magotini!" aliwafokea wanafunzi. Shaban, kijana wa miaka kumi na sita, alizungushwa uwanjani wiki nzima na gunia la ufuta mgongoni, mpaka magoti yakaelewa.

Siku ya onyesho Shaban aliingia akijikongoja. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akainuka upesi, akapiga goti, akampisha kigoda chake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Shaban akaitikia bila kutetereka.

Kaimu akamwinamia mkaguzi wa elimu, kifua kimemjaa. "Bibi yule," alisema, "ndiye aliyemlea."