Alama za Uchovu

Mama Pasi alikuwa na wivu, na tusimpambe: wivu hasa, ule wa kumfanya mtu akunje shuka moja mara tatu. Aliyemwonea wivu huo ni wifi yake, dada wa mumewe, ambaye amefua na kupiga pasi naye mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na minne. Sasa wifi yuko nyumbani wiki mbili nzima, kwa mshahara, amenyoosha miguu.

Chanzo kilikuwa simu ya ofisi. Hospitali ilileta msaidizi wa akili mnemba ndani ya simu hiyo, azungumze na kila mfanyakazi faraghani na kupima kazi imemchosha kiasi gani, alama kati ya mia. Ukifika sabini, unapumzishwa. Wifi alipata sabini na nne, akazitangaza mpaka kwa walinzi wa getini. Mama Pasi alipata kumi na moja.

Kosa lilikuwa adabu. Msaidizi alimuuliza, "Habari za kazi?" Akajibu, "Nzuri." "Usingizi je?" "Mzuri, tunamshukuru Mungu." "Na mwili?" "Salama kabisa." Alivyolelewa yeye, mtu hajibu salamu kwa kulia shida, tena mbele ya mgeni. Wifi, asiyeona haya, alimwaga yote.

Siku ya nne ya kufanya kazi ya watu wawili, roho ilimuuma, akashindwa kuvumilia. Akamwendea msimamizi.

"Bosi, naomba nipimwe tena."

"Mama, si ulisema huna neno?"

"Nilikuwa namsalimia tu."

Msimamizi akacheka mpaka akafuta miwani, kisha akampa simu.

Mama Pasi alikuwa amejiandaa kutia chumvi. Lakini kila alipotafuta uongo wa kumpita wifi, ukweli ulimtangulia: vidole vinavyokufa ganzi kila asubuhi, chakula anachopika asikionje, siku aliyosahau jina la mjukuu wake huku amempakata. Alisema yote, wala hakuongeza kitu. Msaidizi akamwambia taratibu kwamba hayo si mambo madogo, amwone daktari wiki hii hii, na kwamba alama zake ni themanini na tisa.

Themanini na tisa! Alitoka pale kifua mbele. Zamu ilipoisha hakwenda kwa daktari. Alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake, akamkuta kibarazani anachambua mchele.

"Wifi, wewe ulipata sabini na nne, sivyo?"

"Ndiyo."

"Mimi themanini na tisa." Akasimama palepale, akisubiri mwenzake anune.

Wifi hakununa. Aliweka ungo chini, akamtazama kuanzia miguu iliyovimba hadi usoni.

"Wifi yangu," akasema, "themanini na tisa, na bado umetembea mpaka huku kuja kuniringia?"

Mama Pasi alikuwa amekuja na maneno mengine ya kumkomesha. Badala yake akakaa chini, kwenye sakafu, akalia kwa sauti mpaka jirani akafungua dirisha kuchungulia.