Udongo Kwenye Kucha za Bibi

Bibi alipovunjika nyonga, daktari alimkataza kazi zote za shamba. Familia ikamtafutia dada wa kumhudumia nyumbani kwake Maguu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na sina ajira, basi kila Jumamosi nilipanda kutoka Mbinga mjini kwenda kumtazama.

Siku moja nikimkata kucha nikakuta udongo mwekundu. Nilipomuuliza dada, alijibu haraka kwamba Bibi huwa anashikashika maua ya nje. Nje hapakuwa na maua. Nikaamini anamtumikisha Bibi kwenye shamba lake la kahawa, na njia nzima ya kurudi nilikuwa natunga maneno ya kumfukuza.

Jumatano nilikwenda bila taarifa. Bibi alikuwa ameketi juu ya gunia katikati ya mibuni, anang'oa magugu. Dada alisimama nyuma yake, amemshikia mwavuli.

"Shikamoo, Bibi. Nani kakuleta huku?"

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kupeleleza?" Hakuacha kung'oa. "Nilimwambia asiponileta, nitakuja kwa kutambaa. Sasa mfukuze, ubaki wewe kunilinda."

Dada aliangalia chini. Nikawaza, labda wameshapanga jibu hili wote wawili. Sikumfukuza, lakini nilikaa palepale kusubiri nione nani kati yao atasema imetosha.

Jua lilipokuwa kali, dada aliinama akamwambia, "Bibi, turudi ndani sasa."

"Mstari huu tu," Bibi akasema, akavuta gunia lake mbele.