Tochi ya Kupigia Mbizi Niliyompelekea Baba Mkwe

Ninaisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wa Katesh wakiisimulia vibaya. Wapo wanaosema niliwaka moto mwili mzima, wapo wanaosema nilitaka kujizamisha kwa aibu ya ukweni, na juzi stendi mama mmoja alininyooshea kidevu akamwambia mwenzake, "ndiye yule," wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sikuwaka mwili mzima. Niliungua sehemu moja tu, na kwenye birika la ng'ombe niliingia kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu (au tuseme na kile kiasi cha akili kilichokuwa kimebaki).

Kwanza mjue kwamba mimi ni muuza tochi. Nina kiduka Katesh, nauza chaja, betri, redio, balbu na tochi za kila aina, kwa hiyo mtu mwingine angeweza kujitetea kwamba hakujua, mimi sina hata mlango huo.

Pia mjue kwamba Paulina, mke wangu, nilimchukua kwao Nangwa bila kufuata utaratibu. Yaani tuliondoka tu, asubuhi moja, wazazi wake wakiwa shambani wanavuna mbaazi. Kwa miaka sita baba yake, Mzee Akonaay, hakutaka kuniona uani kwake. Paulina alikuwa anaruhusiwa kwenda kusalimia na kunywa chai, lakini jua likianza kuteremka mzee anauliza kama pikipiki ya kumrudisha imeshafika. Hakulala kwao hata siku moja, hata mama yake alipougua. Hakuwa analalamika, ila akirudi kutoka Nangwa alikuwa anapika bila kusema neno, na mimi mwenye kosa nakaa pembeni nachambua mchele ambao ulishachambuliwa.

Nikaona nimlainishe mzee kwa kitu ninachokijua. Yeye huamka alfajiri giza likiwa bado kwenda kuangalia ng'ombe zake, nikampelekea tochi kutoka dukani kwangu. Ikanyeshewa, ikafa. Nikapeleka ya pili, ikamponyoka ikatumbukia kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, ikafa. Ya tatu sijui hata ilikufa na nini, nafikiri ni umande tu. Kila ikifa ananirudishia kwa mkono wa Paulina, imefungwa vizuri kwenye mfuko, na ile ya tatu ilikuja na ujumbe: "Mwambie huyo wa Katesh, mtu ambaye tochi yake haimalizi masika, mke atamtunza miaka mingapi?"

Niliumia, kwa sababu ni swali zuri.

Basi mwaka huu Mzee Tluway, kaka yake mkubwa baba mkwe, akaingilia kati, akasema imetosha, watoto waje, wapewe baraka za wazee na mambo yaishe. Jumamosi ikapangwa. Nikajiapiza kwamba safari hii naenda na tochi ambayo maji hayaiui, na kama dukani kwangu haipo nitaitafuta popote ilipo.

Nikaipata Arusha, kwenye duka moja linalouza vitu vya wageni wanaoelekea baharini: miwani ya kuogelea, viatu kama miguu ya bata, na kwenye kabati la kioo, tochi za LED za kupigia mbizi. Dada muuzaji alinitolea tatu. Moja kubwa ina mpini, nikaona hii mzee ataibeba kama ndoo, hapana. Ya pili mwanga wake umetawanyika, nzuri kwa kupiga picha, akasema, nikaona mzee hapigi picha ng'ombe. Ya tatu ndogo, inaenea kiganjani, mwili wake chuma kitupu, haina kitufe, unazungusha kichwa inawaka, mwanga mmoja mwembamba mkali unaofika mbali. "Hii inashuka mita mia moja," akasema dada. Birika la mzee lina kina cha magoti. Nikasema ndiyo hiyo.

Hapo ndipo akaniuliza, kwa adabu tu, "Kaka, wewe huwa unapigia mbizi wapi?"

Sasa jibu lilikuwa dogo. Ningesema ni ya mzee wangu wa Nangwa, anaangalia nayo ng'ombe, tochi zake zinalowa. Lakini pembeni yangu walisimama vijana wawili wenye miili ya mazoezi wakichagua miwani, na mimi na koti langu la baridi na kiatu chenye udongo wa Hanang nikaona haya. Nikasema, "Mara nyingi Pemba." (Pemba sijafika. Bahari nimeiona kwenye kalenda. Kuogelea sijui, na maji ya kuoga mwenyewe nayasubiri yapate moto.)

Yule dada akafurahi. "Ah, kumbe mzoefu. Basi habari za joto lake sina haja ya kukueleza, unazijua."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayezijua habari za joto lake. Kwenye basi nilijiuliza mara moja, joto gani, halafu nikalala. Habari zenyewe, ambazo sasa nazijua kuliko mtu yeyote mkoa wa Manyara, ni kwamba tochi kali namna ile imetengenezwa ipozwe na maji inayozama ndani yake. Ukiiwasha nje ya maji ukaiacha, inachemka.

Jumamosi tukafika Nangwa saa tano, mvua za rasharasha, ukungu umeufunika mlima wote. Paulina alinielekeza njia nzima. "Shikamoo unaanza na Bibi, halafu Baba Mkubwa, halafu Baba. Usimpe zawadi mpaka baraka ziishe. Na baraka zikianza, usizikatishe. Simu ikilia iache ilie. Aliyekatisha ameharibu, itabidi ipangwe siku nyingine, na Baba hatapanga siku nyingine." Alisema hilo la mwisho bila kuniangalia.

Nikaamkia kama nilivyofundishwa. Bibi akaitikia, Mzee Tluway akaitikia, baba mkwe akasema "marahaba" akiangalia dirisha. Tukakaa sebuleni, chumba chenye dirisha moja dogo, tochi iko mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Na mimi kwa wasiwasi nikawa naishikashika kupitia nguo, kuhakikisha ipo, naizungusha hivi, naizungusha hivi. Mzee Tluway akakohoa. Tukaweka mikono juu ya magoti, viganja juu, baraka zikaanza.

Baraka za wazee wa Kiiraqw ni ndefu, na ni nzuri hata kwa mimi ambaye wazazi wangu walitoka Singida na lugha naishika nusu nusu. Mzee anatamka mstari, watu wote mnaguna kwa pamoja kuukubali, anatamka mwingine. Mvua inyeshe, mnaguna. Ng'ombe wazae, mnaguna. Karibu mstari wa kumi nikaanza kusikia joto kifuani.

Nawaambia ukweli, nilidhani ni baraka zinaingia. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo inavyokuwa, na mimi nilikuwa nadharau. Machozi yakanilengalenga.

Mistari mitano mbele nikaelewa kwamba baraka haziwezi kuchagua sehemu moja yenye ukubwa wa kizibo cha soda. Nikataka kuingiza mkono mfukoni, nikakumbuka viganja juu, nikamtazama Paulina aliyekaa na wanawake karibu na mlango, naye alikuwa amefumba macho na uso wake umetulia namna ambayo sijaiona tangu tuoane. Nikaacha mkono ulipokuwa. Nikaamua nivumilie, nikawa napunguzia maumivu kwenye kuguna. Kila mstari ukija naguna kwa nguvu zaidi ya uliopita, jasho linanitoka na baridi yote ile. Na Mzee Tluway, masikini, akausikia mguno wangu akaupenda. Akafungua jicho moja, akaona mkwe anatetemeka kwa imani, akaongeza mistari. Akaanza kubariki hata biashara ya Katesh.

Kisha Bibi, ambaye macho yake hayaoni vizuri na kwa hiyo huwa anasema anachokiona bila kuogopa, akasema, "Huyu kijana anatoa mwanga."

Ni kweli. Mwanga ulikuwa unapanda kutoka kwenye ukosi wa koti, umenipiga kidevuni mpaka darini. Baba mkwe akageuka kutoka dirishani, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza katika miaka sita, na wakati huohuo ikaja harufu ya bitana ya koti inayoungua, na ngozi yangu ikakata shauri bila kuniuliza. Nikatoka mbio.

Nikapita katikati ya wazee, nikaruka kigoda, nikasikia Paulina akiniita kwa jina la mtoto wetu, "Baba Neema," kwa sauti ndogo ambayo ningependa nisiisikie tena, nikakata ua mzima, ng'ombe wawili wakanipisha, nikajitupa kifudifudi kwenye birika. Maji ya Nangwa mwezi wa nne hayana mzaha. Yalinikata pumzi. Lakini mfukoni, rafiki zangu, ile tochi ilikuwa imefika nyumbani kwao. Nilipoitoa nikaishika chini ya maji ikapoa palepale, na mwanga wake ukaenda mwisho wa birika ukarudi, maji yote yakawa ya kijani, unaona mpaka kila jani chini.

Nilipoinua kichwa ukoo mzima ulikuwa umesimama kwenye rasharasha unanitazama. Mzee Tluway mkono bado uko juu. Akasema, kwa huzuni ya kweli, "Zimekatika."

Paulina alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga. Nikaanza kueleza, nikaeleza vibaya, nikaanzia Pemba badala ya kuanzia tochi, nikasema nilidanganya, nikasema mimi kuogelea sijui, meno yanagongana. Baba mkwe akaja taratibu mpaka ukingoni. Akaangalia maji. Akaniangalia. Akauliza, "Imo humo muda wote huu?"

"Ndiyo, Baba."

"Na haijafa."

"Haijafa, Baba. Ni nje ndiyo inashindwa."

Kisha akasema, si kwangu, kwa kaka yake, "Nilipomwona anatoka mbio nikajua ndiyo hivyo tena, anakimbia nyumba yangu mara ya pili. Kumbe alikuwa anaishia kwenye birika." Midomo yake ikawa inapigana na kicheko. "Hajatoka uani. Kama hajatoka uani hazijakatika. Malizia hapahapa."

"Ndani ya maji?" akauliza Mzee Tluway.

"Akitoka ataungua. Mwache humo."

Basi baraka zangu nilizimalizia ndani ya birika la ng'ombe, nimepiga magoti, maji kiunoni, tochi nimeizamisha kwa mikono miwili, wazee wanaguna kwenye mvua, na ng'ombe mmoja akija kunywa upande wa pili. Zilipoisha mzee akavua blanketi lake begani, akanifunika nalo mwenyewe, akalibana shingoni pangu kama anavyofungwa mtoto. Halafu akamgeukia Paulina akamwambia, "Mama yako amekutandikia kitanda chako cha zamani. Mwenzio alale kwenye joto, jikoni."

Tangu hapo nimeapa kwamba muuzaji yeyote akiniuliza kitu nasema sijui, hata ninachokijua, na juzi muuza mbegu alinieleza mahindi ni nini kuanzia mwanzo na nikasikiliza mpaka mwisho. Kovu liko hapa, upande wa moyo. Paulina akiliona hucheka kwanza, anacheka sana, halafu analiwekea kiganja, kwa sababu siku nilipolipata ndiyo siku aliyolala kwao tena.